Kuandaa gari kwa dharura za njiani: kazi ya Jumamosi moja kabla ya safari ndefu

Desemba ikikaribia, watu wakianza kupanga kwenda nyumbani Mbeya, Moshi, Songea au Bukoba, naulizwa maswali yale yale. Tairi la akiba, yaani spea, nalikaguaje? Nyaya za kubusti, za kuwashia gari kwa betri ya gari jingine, zinaanzia wapi? Gari likichemsha kwenye mlima wa Kitonga nifanyeje? Nimeyakusanya majibu hapa kwa ajili yako ambaye hujawahi kubadilisha tairi kwa mikono yako mwenyewe. Mfano wangu ni barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kilomita mia nane na kitu, kwa sababu ndiyo ninayoijua kona kwa kona. Kazi yenyewe ni ile ile hata kama unaelekea kwingine.

Miaka kadhaa iliyopita tairi la nyuma kushoto lilinipasukia kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Jua lilikuwa limeshazama, mama yangu amekaa mbele na watoto wawili nyuma. Spea nilikuwa nayo, jeki nilikuwa nayo, na spana ile iliyokuja na gari ilikuwepo. Nati ya kwanza ikagoma. Nikapanda juu ya spana kwa mguu, ikateleza na kula pembe za nati. Zilikuwa zimekazwa kwa mashine ya upepo kwenye duka la matairi wiki mbili kabla, na tangu siku ile sikuwahi kuzigusa. Tulikaa pale mpaka utingo wa lori lililokuwa linakwenda Tunduma aliposhuka na spana ya msalaba na kipande cha bomba, akazilegeza zote tano. Tukafunga spea, tukashusha jeki, na spea ikabonyea hadi rimu ikagusa lami. Haikuwa na upepo.

Tangu usiku ule nina kanuni moja: kifaa ambacho hujakijaribu uani kwako, usikihesabu kuwa unacho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inafanyika nyumbani, mchana, gari likiwa zima.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kwa ajili ya tairi: spea, jeki pamoja na mpini wake, spana ya msalaba inayoingia kwenye nati zako, kipande cha bomba la chuma cha kama nusu mita cha kurefushia mpini, kipima upepo, na pampu ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Ongeza ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene usiopungua sentimita 2, wa kuweka chini ya jeki. Ubao huu hauuzwi kwenye duka lolote la spea, utamwomba seremala akukatie, na utaushukuru siku utakaposimama kwenye bega la barabara lenye mchanga. Chukua pia kabari mbili za mbao za kuzuia magurudumu.

Kwa ajili ya umeme: nyaya za kubusti na fyuzi za akiba za ukubwa uliopo kwenye gari lako. Kuwa mwangalifu na nyaya. Nyingi za bei rahisi zina plastiki nene na waya mwembamba ndani, ukiziunga zinapata moto na gari haliwaki. Tafuta zenye unene wa angalau milimita za mraba 16, na 25 kama gari lako ni la dizeli.

Kwa ajili ya usalama: pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizibao cha kuakisi, mtungi wa zimamoto wa poda usiopungua kilo 1, tochi ya kuvaa kichwani, glavu nene, na sanduku la huduma ya kwanza.

Maji: lita 5 za rejeta, na pembeni yake maji ya kunywa, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Vidumu viwe na rangi tofauti. Kidumu kilichowahi kubeba kulanti, yaani maji ya dawa ya kupoza injini, kisitumike tena kwa maji ya kunywa, hata ukikiosha mara ngapi, kwa sababu kulanti nyingi ni sumu na ina utamu unaovutia watoto.

Na kamba ya kuvutia gari, ya mkanda mpana, si ile ya katani.

Hatua kwa hatua

1. Lifahamu gari lako.

Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Kinakueleza upepo wa kila tairi. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kipimo cha kPa: 230 ni sawa na takriban 33 kwa kipimo cha psi wanachotumia mafundi wengi wa pancha. Iandike namba hiyo kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha dashibodi. Usimwachie fundi akupimie kwa mazoea yake, maana wapo wanaojaza 40 kila gari linalokuja.

Sasa tafuta spea. Kwenye gari ndogo huwa chini ya sakafu ya buti. Kwenye Hiace na Hilux huning'inia chini ya gari na hushushwa kwa winchi ndogo inayozungushwa na fimbo maalumu. Kama ni ya namna hii, ishushe leo hadi chini, maana mnyororo au kamba yake hushika kutu na kugoma kabisa. Magari mengine hayakuja na spea, yamewekewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu. Na kama umefungiwa mtungi wa gesi asilia kwenye buti, kuna uwezekano mkubwa spea ilitolewa ili kuupisha mtungi na sasa iko stoo. Kwa safari ndefu irudishe, hata kama italala nyuma ya siti.

Tafuta pia mahali pa kupachikia jeki. Chini ya ukingo wa bodi, karibu na kila gurudumu, kuna sehemu iliyoimarishwa yenye mikato miwili. Jeki huingia katikati ya mikato hiyo. Ukiipachika penginepo, bodi itabonyea au gari litateleza.

Mwisho, angalia kama kwenye kila gurudumu kuna nati moja tofauti na nyingine. Hiyo ni nati ya kuzuia wizi, na ina ufunguo wake. Ufunguo huo usipoonekana, usifunge safari kabla fundi hajakutolea nati hizo na kuweka za kawaida.

2. Kagua matairi, na spea iwe ya kwanza.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wengi hukagua matairi manne na kuisahau spea, wakati spea ya gari lililotoka Japani inaweza kuwa na umri sawa na gari lenyewe. Mpira huzeeka hata ukikaa gizani bila kutembea. Spea yenye miaka zaidi ya kumi, hata kama bado ina vinyweleo vya kiwandani, ibadilishe.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, umebakiwa na milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Kwa safari ya mvua usingoje lifike huko. Pitisha kiganja ubavuni, ndani na nje. Ukihisi uvimbe kama yai, tairi hilo lisiende popote.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi la moto hudanganya. Ile spea nyembamba, ya muda, hujazwa zaidi ya tairi la kawaida: 420 kPa, yaani 60 psi. Ubavuni mwake imeandikwa kasi ya mwisho, kilomita 80 kwa saa. Si ya kukufikisha Mbeya. Ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu.

3. Legeza na kukaza kila nati kwa mkono wako.

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata kama utaziruka nyingine zote. Gari likiwa chini, magurudumu yote yamegusa ardhi, vuta handibreki. Chukua spana utakayosafiri nayo, si ya jirani, si ya fundi. Legeza nati moja robo mzunguko kisha ikaze tena. Nenda ya pili. Zunguka gari lote.

Nati ikigoma, vaa bomba kwenye mpini wa spana, sukuma kuelekea chini kwa uzito wa mwili, taratibu, bila kurukaruka. Ikiteleza na kuanza kula pembe, acha hapo hapo na umwite fundi. Uani kwako hiyo ni kazi ya fundi mmoja na soda moja. Kule kwenye mibuyu ya Ruaha ni kazi ya kungoja mtu usiyemjua.

Kama mwenza wako au kijana wako ndiye atakayeendesha sehemu ya safari, naye afanye. Nimeona nati iliyokazwa kwa nguvu za mwanaume wa kilo tisini ikamshinda mama aliyebaki peke yake na gari. Zikazwe kiasi ambacho mtu mwepesi kuliko wote kati ya madereva wenu anaweza kuzilegeza akitumia lile bomba. Kwa gari ndogo nyingi za Toyota kiwanda kinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103 (nyutoni mita), ambayo mtu mzima wa kawaida anaimudu kwa spana ya msalaba.

4. Badilisha tairi moja, mwanzo hadi mwisho.

Sehemu iwe tambarare na ngumu. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kama ni la gia za mkono. Handibreki juu, kabari kwenye gurudumu lililo mkabala na lile unalobadilisha.

Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kupandisha jeki. Wanaoanza hukosea hapa kila mara: wanapandisha kwanza, kisha wanahangaika na nati huku gurudumu linazunguka na gari linatikisika juu ya jeki.

Weka ubao, jeki juu yake, pandisha hadi tairi liachane na ardhi kwa vidole viwili. Toa nati na uziweke ndani ya kofia au kifuniko cha rimu, si kwenye nyasi. Toa tairi, lilaze chini ya ubavu wa gari. Jeki ikiponyoka, gari litaangukia tairi badala ya mguu wako. Usiingize sehemu yoyote ya mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata mkono wa kutafuta nati iliyobingirika.

Pachika spea, funga nati kwa vidole, upande uliochongoka uelekee kwenye rimu kama nati zako ni za namna hiyo. Shusha gari, kisha kaza kwa mtindo wa nyota: ukikaza ya juu, inayofuata ni ya upande wa pili, si ya jirani. Ukikaza kwa kufuatana, rimu hukaa upande na gari hutetemeka barabarani.

Mara ya kwanza itakuchukua kama dakika arobaini. Rudia siku ya pili, itakuwa nusu yake. Baada ya kilomita hamsini hivi, simama ukaze tena.

5. Betri.

Fungua boneti. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi, kausha, paka grisi kiasi. Shika kila kichwa ukizungushe kwa mkono. Kikisogea, kimelegea, na hilo pekee linaweza kukuzimia gari ukidhani betri imekufa.

Kama una mita, pima asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, ikisoma 12.2 kushuka chini, ipeleke ikapimwe. Washa gari upime tena. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.4, oltaneta inachaji. Kwa joto la Dar, betri iliyopita miaka mitatu ningeipima kila kabla ya safari. Magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, huweka betri ndogo nyuma mara nyingi, basi ijue ilipo kabla giza halijakukuta.

6. Rejeta, hozi na belti.

Gari likiwa baridi, angalia tangi la akiba la kulanti: kiwango kiwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, uone imejaa hadi mdomoni. Ukikuta maji yenye rangi ya kutu, mtu alikuwa anajaza maji ya bomba. Yasafishwe, ijazwe kulanti. Ukinunua ile ya kuchanganya, ichanganye na maji ya betri, yale yasiyo makali, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji.

Minya hozi za rejeta. Ziwe kama mpira mgumu wa kuchezea. Ikiwa laini kama mkate uliolowa, au imepasuka kwenye klipu, ibadilishe. Angalia belti kwa tochi kama ina nyufa.

Jua pia gari lako linakuonya vipi. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya buluu injini ikiwa bado baridi, nyekundu ikiwa imechemsha. Nyekundu ikiwaka, huna muda wa kufika "pale mbele".

7. Taa, fyuzi, mtungi wa moto.

Mwombe mtu akae nyuma ya gari ukanyage breki, uwashe endiketa, hazadi (endiketa zote kwa pamoja) na taa ya rivasi. Soma mchoro ulio kwenye kifuniko cha fyuzi na upige picha kwa simu. Fyuzi ikiungua badilisha kwa yenye namba ile ile. Kuweka kubwa zaidi, au waya, ni kuhamishia moto kwenye nyaya za gari.

Mtungi wa zimamoto na pembetatu tumezoea kuvinunua kwa ajili ya trafiki. Nimefungua magari mengi nikakuta mtungi bado umevishwa nailoni yake, umefungwa chini ya siti, juu yake mabegi. Toa nailoni. Mshale uwe kwenye kijani. Upindue mtungi kichwa chini na uutikise, maana poda hushikana chini ikikaa miezi mingi ikitikiswa na gari. Uweke mahali ambapo dereva ataufikia akiwa amekaa. Wafundishe wote mlio nao: vuta pini, lenga chini ya moto, minya. Wa kilo 1 hudumu sekunde chache tu.

8. Pakia kwa mpangilio wa kutoa.

Hakuna faida ya jeki iliyo chini ya magunia mawili ya mchele. Vifaa vyote viingie kwenye mfuko mmoja mgumu, uwe wa mwisho kuingia. Kizibao, tochi na pembetatu vikae ndani na abiria.

9. Karatasi, pesa na mafuta.

Andika kwenye karatasi: namba ya fundi wako, ya kampuni ya bima, za ndugu wawili, 112 ya dharura ya polisi, na 114 ya zimamoto. Simu huzimika. Soma mkataba wa bima kama unagharamia gari la kuvuta, au uulize kabla hujaondoka. Kuwa na pesa taslimu za noti ndogo, maana kuna sehemu mtandao unakata na huwezi kumlipa fundi kwa simu. Mafuta yasishuke chini ya nusu ya tangi: jaza Morogoro, jaza Iringa, jaza Makambako. Usibebe petroli kwenye dumu ndani ya gari.

Likikutokea njiani

Dakika tano za kwanza. Washa hazadi, toka barabarani kushoto kadiri bega linavyoruhusu. Hata kama tairi limekwisha, ni heri kuharibu rimu kuliko kusimama kwenye kona. Vaa kizibao kabla ya kushuka. Abiria washukie upande wa kushoto na wakae mbali na lami, mbele ya gari kidogo na pembeni, kamwe wasisimame nyuma yake. Pembetatu moja ipeleke nyuma hatua mia kwenye barabara kuu, na kama umesimama baada ya kona au kilima, iweke kabla ya kona hiyo. Tembea nayo umeishika mbele ya kifua, uso ukitazama magari yanayokuja.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mambo ni mengine. Barabara inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, nyati na simba wako pale kweli. Usishuke kubadilisha tairi. Gari likiweza kujikokota, lijikokote polepole hadi penye watu. Likishindwa, kaeni ndani, vioo juu, hazadi inawaka, simamisheni basi au lori na muombe taarifa ifikishwe kwa askari wa hifadhi.

Likichemsha. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho hata kama mtatoka jasho; inavuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta pa kusimama. Ukiona mvuke, zima injini na ungoje. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kuishika hozi ya juu kwa kiganja bila kuungua, na hiyo si chini ya nusu saa. Maji yaliyomo ndani yana joto kupita la maji yanayochemka sufuriani, yanangoja mfuniko ulegee tu. Tumia tambaa nene, zungusha kidogo, acha ipumue, ndipo ufungue. Ongeza maji kidogo kidogo. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje.

Kubusti. Magari yasigusane. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha nyekundu kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho nyeusi kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya gari lenye betri iliyokufa, mbali na betri. Washa gari zima, ngoja dakika tano, washa lako. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma ulivyoziunga. Gari la haibridi lisitumike kumbusti mwingine.

Lori la mafuta likianguka mbele yako, geuza. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha lori la petroli lililopinduka lilipolipuka huku watu wakichota mafuta. Usiwashe chochote, usikaribie kupiga picha, wapigie 114.

Ikigoma

Nati zimetoka, gurudumu halitoki. Limeshikana na kutu. Rudisha nati zote kwa vidole, ziache zimelegea nusu mzunguko, shusha jeki, sogeza gari nusu mita mbele na nyuma. Litaachia. Usilipige teke gari likiwa juu ya jeki.

Jeki inazama. Huna ubao? Tumia spea ya mwenzako aliyesimama kukusaidia, au kifuniko kigumu cha sanduku la vifaa. Mawe huponyoka.

Betri imekufa na gia imegoma kutoka P. Karibu na mkono wa gia kuna kifuniko kidogo. Chini yake kuna kitufe cha kuachia. Kibonyeze kwa ufunguo huku umekanyaga breki, hamisha kwenda N.

Gari la kitufe halioni ufunguo. Betri ya ufunguo imeisha. Kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza.

Umebusti, linalia "tk-tk-tk" tu. Sugua vibano kwenye vichwa mpaka viume vizuri, ngoja dakika kumi zaidi. Lisipolia kabisa, angalia fyuzi kubwa na vichwa vya betri.

Umeongeza maji, limechemsha tena baada ya kilomita chache. Usiongeze tena na kuendelea. Kuna uvujaji, feni haizunguki, au gaskiti imekwenda. Kuendelea kunageuza matengenezo ya hozi kuwa matengenezo ya injini. Tafuta gari la kuvuta.

Unavutwa kwa kamba. Funga kwenye pete ya kuvutia, ambayo kwenye gari nyingi inakaa na vifaa vya jeki na hupachikwa kwenye bampa. Swichi iwe kwenye ON ili usukani usijifunge. Injini ikiwa imezimwa breki zitakuwa ngumu, kanyaga kwa nguvu na mapema. Gari la otomatiki livutwe umbali mfupi tu, polepole, gia ikiwa N. Zaidi ya hapo lipakiwe kwenye gari la kubeba.

Kabla hujaondoka pale

Hesabu vifaa virudi kwenye mfuko wake. Kisha geuka uangalie lami. Kila mwenye kusafiri usiku amewahi kukwepa jiwe lililotumika kukinga gurudumu la lori na kuachwa katikati ya njia, au matawi yaliyotandazwa kuonya na hayakuondolewa. Dereva wa bodaboda anayekuja saa mbili baadaye hataliona. Okota matawi yote, jiwe libebe kwa mikono yako hadi ng'ambo ya mtaro, tembea zile hatua mia ukachukue pembetatu, ndipo uwashe gari.